Kasia la Mwasiti

Asmani mwana wa Uledi alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe, Mwasiti, alipenda kusema kwamba hata hayo machache ameyaazima, na siku moja mwenyewe atakuja kuyadai. Asmani aliinamia mti wake. Alikuwa anachonga.

Kazi yake ilikuwa makasia. Kutoka Rumonge mpaka kwenye msitu wa Kigwena, mvuvi aliyetaka kasia lisilopasuka alikwenda kwake. Mti aliuchagua mwenyewe, akauacha kivulini mpaka mvua zipite, kisha akauchonga kwa tezo, ameketi mlangoni. Kasia likiisha, alipasha chuma motoni akachoma alama yake chini ya mshiko: mistari miwili iliyokingamana, na nukta pembeni. Kasia lililomshinda hakulitia alama. Alilitia jikoni.

"Ndiyo maana bugali wetu unaiva haraka," Mwasiti aliwaambia majirani. "Unapikwa kwa aibu."

Mwasiti alizaliwa Ubwari, ng'ambo ya ziwa. Alivushwa akiwa mgongoni mwa mama yake, na tangu hapo hakutia tena mguu mtumbwini, kwani wavuvi waliamini kwamba mwanamke akipanda, ndagala, wale dagaa wa ziwa, wanahama. Hilo halikumsumbua. Ndagala alikutana nao nchi kavu. Mitumbwi ikirudi alfajiri, yeye yuko pale. Atanunua, atawamwaga mchangani, atawageuza jua likipanda, atawafukuza mwewe kwa mdomo, na jioni atawafunga kwenye majani ya migomba ili vikapu vipande milimani kwa Warundi kubadilishwa na maharagwe. Msimu wa mawese ukifika, alichemsha mawese pia. Mwanamume anayekaa mwaka mzima akingoja mti ukauke, akasema, lazima awe na mke asiyengoja kitu.

Siku hizo Mdachi, yule Mjerumani wa boma, alikuwa ameamuru vichaka vya pwani vifyekwe, kwa ajili ya mbung'o na ule ugonjwa wa usingizi uliokuwa unamaliza watu. Wanaume walifyeka na wanawake walifyeka. Vichaka vilipoondoka, chini yake ulitokea mchanga mweupe, ulioinama kidogo kuelekea ziwani, upepo unaupiga toka asubuhi. Ndagala walikauka hapo kwa siku moja, mahali pengine walichukua mbili na kunuka. Wanawake waliuchukua mchanga ule bila kumwomba mtu. Hakuna aliyewauliza, maana hakuna mwingine aliyeutaka.

Mpaka Amuri alipoutaka.

Ilikuwa hivi. Askari alikuja kutoka boma la Usumbura, akasimama mwaloni, hapo mitumbwi inapotia nanga, akasema Bwana Mkubwa amechoka kuuliza jambo moja na kujibiwa na watu kumi. Anataka mtu mmoja. Jina moja la mkuu wa mwalo, basi. Watapatanaje, hiyo ni kazi yao.

Watu wa mwalo walikuwa mchanganyiko. Huyu wa Ujiji, yule wa Umanyema, mwingine mama yake Mrundi na baba hajulikani alikopitia. Hawakuwa na sultani mmoja wa kumkimbilia. Lakini walikuwa na desturi moja, waliyoitumia kuchagua kiongozi wa mitumbwi. Wanaotaka ukubwa husimama mchangani, na kila mwenye kasia huja akalichomeka nyuma ya mtu wake. Mstari ukiwa mrefu, mambo yameisha. Mwenye kasia ana sauti, walisema. Mzee Hamisi, mvuvi aliyekuwa amestaafu ila mdomo, ndiye aliyeitunza desturi hiyo.

Waliosimama walikuwa wawili. Mmoja Shafii, mwenye mitumbwi, mnene, mpole, mtu wa kusinzia katikati ya salamu. Mwingine Amuri, mfanyabiashara wa chumvi, mtoto wa baba mdogo wa Asmani. Amuri hakuficha kitu. Akipata, alisema, pale kwenye mchanga mweupe atajenga ghala ya chumvi, kwa sababu mitumbwi ya Ujiji inafika hapo vizuri.

Mwasiti alizisikia habari hizo akiwa na ndagala mikononi. Alirudi nyumbani hajanawa, akamkuta Asmani mlangoni.

"Baba Zena, kasia lako utalichomeka wapi?"

"Kwa Amuri."

"Amuri anajenga ghala juu ya ndagala zangu."

"Ni ndugu yangu."

"Na mimi iko nani wako?"

Asmani alipuliza vumbi la mti kwenye bapa la kasia. "Nimeshamwahidi."

"Ona sasa. Mtu hasemi mwaka mzima, siku akifungua mdomo anaahidi upuuzi." Akaketi mbele yake, kwenye magome. "Ulipofyeka kile kichaka, nani alikuwa pembeni yako?"

"Wewe."

"Nyoka alipotoka, nani alimuua?"

"Wewe."

"Basi kwa nini mchanga unasemewa na watu waliokimbia?"

Asmani alikuwa amekimbia kidogo tu. Hakuona haja ya kulitaja. Alisema, "Mwenye kasia ndiye anasema. Una kasia, weye?"

"Sina."

"Basi."

Neno hilo alilisema kwa wepesi. Baadaye alilikumbuka sana.

Siku chache zikapita, na kazi ikamfurikia. Kwanza alikuja Biasha, mjane wa nyumba ya tatu. Alitaka mti wa kukorogea mawese, wenye bapa, kwa sababu chungu chake kipya ni kikubwa. Kisha Mariyamu, naye chungu chake kimekua. Kisha wengine. Asmani alishangaa vyungu vya Rumonge vilivyonenepa mwaka huo, lakini mchonga makasia hakatai kazi. Alikuwa na mbao kavu alizoziweka kwa ajili ya wavuvi. Alizitoa.

"Uchonge vizuri," Mwasiti alimwambia, akipita na kikapu.

"Ni miti ya kukorogea tu."

"Basi uchonge vibaya, kama unaweza."

Hakuweza. Mkono wake ulijua kitu kimoja. Kila alipoanza mti wa kukorogea, bapa likapanuka lenyewe, shingo ikakonda, mshiko ukajaa kiganja. Mwishoni alipasha chuma na kuchoma alama bila hata kufikiri, kama mtu anavyojikuna. Amuri alipita akamkuta katikati ya kazi. "Ndugu yangu, wavuvi wote wamevunja makasia?" Asmani akatabasamu. "Haya ni ya kukorogea mawese. Ya wanawake." Amuri alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi mzima, akasema, anachongea jikoni.

Jioni hiyo Asmani alimsimulia mkewe. Mwasiti naye alicheka sana. Asmani akafurahi, kwa kuwa si mara nyingi alimchekesha.

Walichagua mwezi ulipokomaa, wakati mitumbwi inapumzika, maana kukiwa na mbalamwezi ndagala hawaufuati moto wa wavuvi. Asubuhi mwalo ulijaa. Mzee Hamisi alikalishwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Amuri alisimama kushoto, kanzu yake imenyooka. Shafii alisimama kulia, na kwa sababu jua lilikuwa limeanza kuwaka, macho yake yalikuwa nusu.

Wanaume walichomeka. Asmani alikwenda na kasia lake, lile la zamani alilolichonga mwaka aliooa, akalisimamisha nyuma ya Amuri. Amuri akamgusa bega. Jambo la kawaida, limekwisha.

Hapo watu waligeuka kutazama upande wa soko.

Wanawake walikuwa wanakuja kwa mstari, kila mmoja na kasia begani. Asmani aliona makasia kabla ya kuona nyuso. Makasia mazuri hayo, aliwaza. Shingo nyembamba, bapa limesimama, fundi wake nani? Kisha yakasogea, akaiona alama.

Mbele yao alikuwa Mwasiti.

"Wale wanakwenda kukoroga ziwa," Amuri alisema, na wanaume wakacheka.

Mwasiti alipiga goti mbele ya mzee. "Shikamoo, mzee Hamisi."

"Marahaba, mwanangu. Mnazipeleka wapi kuni hizo?"

"Haiko kuni, mzee. Iko makasia. Tumekuja kuchomeka."

Kicheko kikapungua. Mzee Hamisi alijikuna ndevu. "Mwanamke na kasia, wapi na wapi?"

"Mzee, desturi inasemaje? Mwanamume ana sauti?"

"Desturi inasema mwenye kasia ana sauti."

"Umetufundisha wewe. Kila mwaka unatufundisha, hata tukiwa na haraka."

Watu wakaangua kicheko tena, safari hii upande mwingine. Amuri alisogea. "Mzee, hiyo haiko makasia. Ni miti ya kukorogea mawese. Muulize fundi, aliniambia kwa mdomo wake."

"Asmani," mzee aliita.

Asmani alitoka. Alitamani ardhi imeze mtu, yeyote tu. Mzee Hamisi alimkabidhi kasia la Biasha, akaweka kidole juu ya alama. "Hii unaitia kwenye nini?"

"Kwenye kasia."

"Ukichonga mchi, unaitia?"

"Hapana."

"Mpini wa jembe?"

"Hapana, mzee."

"Na kasia baya?"

"Silitii."

"Basi hiki ulichoshika ni nini?"

Asmani aliligeuza. Angeweza kusema ni mti wa kukorogea. Lakini hapo angekuwa amechoma alama yake kwenye kijiti cha jikoni, na kila kasia lililokuwa mwaloni lingemtazama. Alimtazama Mwasiti. Mwasiti alikuwa anatazama ziwa, kama mtu asiye na shida na yeyote.

"Ni kasia," alisema. "Zuri."

Neno la pili hakuulizwa.

Amuri hakukubali kuchoka. "Sawa. Lakini kasia kavu halisemi. Kasia jipya lazima lionje maji kwanza, chini ya mkono wa mwenyewe. Hiyo pia desturi." Mzee Hamisi akaitikia kwa kichwa: kweli. Na hapo Amuri akatulia, kwa sababu alijua hakuna mvuvi ambaye angetoa mtumbwi wake upandwe na mwanamke. Hata Shafii, aliyekuwa anahitaji makasia yale kuliko mtu yeyote, alifungua macho yote mawili kuilinda mitumbwi yake.

"Wangu upo," Biasha alisema. "Haujavua tangu marehemu afariki. Kuku wanalala ndani. Kama kuna ndagala wa kuukimbia, walishafika Ubwari."

Mtumbwi wa Biasha uliletwa. Kuku mmoja alikataa kushuka mpaka alipobebwa. Kwenye kona likaonekana yai, Biasha akalifunga kwenye pembe ya kanga yake. Kisha wanawake wakaingia, wakiinua nguo, wakishikana mabega, wakimtaja Mungu. Mwasiti alikaa mbele. Ulimi ndio uliokuwa jasiri. Mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania ubavu wa mtumbwi, Asmani aliuona.

Wakapiga maji. Wote upande mmoja.

Mtumbwi ukazunguka. Ukazunguka tena. Mwaloni watu walikaa chini kwa kucheka. "Wanatwanga!" mmoja alisema. "Waacheni, mawese yatapanda juu sasa hivi." Mariyamu alikuwa anachota maji kwa kibuyu, yanaingia mengi kuliko anayotoa. Mwasiti alikuwa anatoa amri, na kila amri ilitekelezwa na kila mtu kwa namna yake. Mtumbwi ulikuwa sasa unasogea, lakini unakwenda kinyumenyume, kuelekea kwenye kina.

Asmani aliona kwamba hawacheki tena mle ndani.

Aliingia majini mpaka magotini. "Pande mbili!" alipaza sauti. "Biasha hamia kulia. Mariyamu acha kibuyu, shika kasia. Mwasiti, usiguse maji, wewe hesabu tu. Wote pamoja. Usitumbukize lote, bapa tu, bapa, nimelichonga pana kwa kazi hiyo. Haya. Vuta. Acha. Vuta."

Watu walimgeukia. Kuna waliokaa naye mwalo mmoja miaka mingi, na ilikuwa mara yao ya kwanza kuisikia sauti yake kwa urefu huo.

Mtumbwi ulinyooka. Ulikuja polepole, kombo kidogo, umejaa maji, mpaka ukagusa mchanga. Hakuna kasia hata moja lililopasuka. Asmani alilihakikisha hilo kwanza, halafu akamtazama mkewe.

"Yameonja," mzee Hamisi alisema. "Nimewahi kuona wanaume wakirudi vibaya zaidi ya hivyo, tena kwao hatukupata hata yai."

Amuri alikuwa amebakiwa na neno moja, na alilitoa. "Mlango mmoja, kasia moja."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nyumba yenye wanaume watatu ilichomeka kasia moja, la baba. Mzee akasema basi, wenye milango yao wachomeke: wajane, na wale ambao waume zao walikwenda na mizigo ya safari wakapotelea huko. Waliobaki, milango yao imeshasema.

Biasha alichomeka nyuma ya Shafii. Wengine wa aina yake wakafuata. Wenye waume walirudi pembeni, wengine wakiwatazama waume zao kwa macho ambayo yalieleza chakula cha jioni kitakuwaje. Mariyamu alilitupa kasia lake mchangani akaketi juu yake.

Mwasiti hakurudi. Alisimama, nguo imeloa mpaka kiunoni, kasia mkononi.

"Mwanangu," mzee alisema kwa upole, "mlango wako umeshasema."

"Umesema, mzee. Lakini mimi ndiye ninayeufungua asubuhi."

Hakumtazama Asmani. Angemtazama, Asmani angekasirika, na mtu aliyekasirika ana njia ya kutokea. Asmani alikumbuka mkeka wa alfajiri. Miaka yote ile akiamka, upande wa Mwasiti ulikuwa umeshapoa. Yeye akitia maji usoni, ndagala wameshamwagwa. Na misimu ile mbao zilipokuwa hazijakauka na hakuna aliyeagiza, nyumba ilikula nini? Ilikula mchanga ule.

Alikwenda nyuma ya Amuri, akalishika kasia lake la zamani, akaling'oa.

"Ndugu yangu," Amuri alisema kwa sauti ya chini. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi kasia." Alilipangusa mchanga kwa kiganja, akampa. "Chukua. Ni lako. Mti wake mzuri."

Amuri alilipokea, kwa kuwa mtu akipewa kitu mbele ya watu anapokea. Akabaki amelishika. La kwake mwenyewe lilikuwa limeshachomekwa, na mlango mmoja ni kasia moja. Alisimama hapo kama mvuvi aliyesahauliwa na mtumbwi.

Mwasiti akapita, akalichomeka lake nyuma ya Shafii. Alilisukuma mara mbili ili lisianguke.

Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Mzee Hamisi aliitazama mistari akasema yatosha. Shafii aliamshwa akaambiwa ameshinda. Askari akalichukua jina hilo mpaka Usumbura, na Mdachi hakujua kamwe kwamba ndani yake mlikuwa na kuku.

Nyumbani Mwasiti alimwekea Asmani wale ndagala wakubwa, wanaochaguliwa kwa ajili ya wageni.

"Umesema maneno mengi leo, Baba Zena."

"Ee."

"Umechoka?"

"Nimechoka."

"Kula, basi. Kesho utanyamaza."

Shafii alikuwa mkuu mbaya. Hakuna aliyeibiwa naye, kwa sababu kuiba kunataka kuamka. Mchanga hakuugusa, na kitu kingine chochote hakukigusa. Njia ya soko ikameza watu miguu wakati wa mvua. Wanaume walinung'unika vibarazani. Mwasiti hakunung'unika. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Shafii, akapiga hodi mpaka mwenyewe akatoka.

"Dada, kwa nini unanisema wewe tu?" Shafii alimuuliza siku moja.

"Kwa sababu nilikuchomekea mimi. Wasiokuchomekea watakusema kwa haki gani?"

Na boma lilipotaka jina jipya, Mwasiti alikwenda na kasia lake akasimama mbele ya Amuri. Alimwuliza kwa sauti, kila mtu anasikia: "Mchanga wa kuanikia, utauacha?" Amuri aliitazama mistari, akasema atauacha. "Waambie na wale." Amuri akageuka akawaambia wanawake. Hapo tu ndipo Mwasiti alipochomeka nyuma yake. Safari hiyo milango mingine nayo ilitoa makasia ya wanawake. Nyumba moja ilipokezana, leo mume, kesho mke, wakagombana zaidi kuliko zamani, lakini wakipatana wanapatana vizuri. Amuri alijenga ghala yake juu, karibu na michikichi, na alipopita mchangani alipita pembeni.

Asmani hakuchonga kasia jingine la kwake. Watu walimtania: fundi wa makasia, mlangoni mwako kuna moja tu, tena fupi. Alisema linatosha.

Mwasiti aliugua mwaka ambao vita vya Wazungu vilifika ziwani. Mvua zilikuwa nyingi. Homa ilimshika, ikamwachia, ikamshika. Siku moja Asmani alimletea uji akamwambia umeungua kidogo. Mwasiti alisema, "Asante," akaunywa. Hakuutania uji. Asmani akajua.

Walimzika juu, penye michikichi. Zena, binti yao, alikuja kutoka Kabezi alikoolewa, akakaa siku za matanga, akarudi kwa watoto wake. Asmani alibaki na mlango. Asubuhi aliufungua mwenyewe.

Mdachi alikuwa karibu kuondoka, ingawa mwaloni hakuna aliyejua, alipotaka jina tena. Walisimama walewale wawili, Amuri na Shafii, nywele zimekuwa nyeupe. Mzee Hamisi aliletwa ameshikwa mkono, haoni tena, lakini mdomo upo.

Asmani alilichukua kasia lililokuwa limeegemea nyuma ya mlango. Lilikuwa fupi kwake. Mshiko ulikuwa umelika, umekuwa saizi ya kiganja kingine, na vidole vyake havikupata pa kukaa. Alikwenda nalo hivyo hivyo.

Wenzake walichomeka. Yeye alisimama katikati ya mistari miwili. Watu wakangoja. Alijaribu kukumbuka kama Mwasiti aliwahi kumwambia safari hii itakuwa kwa nani. Hakuwahi. Mwasiti hakuwa na mtu. Alikuwa na swali.

"Mchanga wa kuanikia," Asmani alisema. Sauti ilitoka na kutu. "Mtauacha?"

"Kwani nani anaugusa?" Shafii alisema.

Amuri alimsogelea. "Ndugu yangu," alisema, na alisema kwa huruma, "Mama Zena hayupo tena. Mchanga unauulizia wa nini?"

"Anayeuliza ni mlango."

Amuri alimtazama, kisha akalitazama kasia. "Nitauacha," alisema.

"Waambie na wale."

Amuri akageuka akawaambia wanawake.

Asmani akalichomeka nyuma yake. Ndiko alikotaka kuchomeka tangu mwaka ule wa kwanza, na sasa amefika, kwa njia ndefu. Alilisukuma mara mbili ili lisianguke. Kisha hakuliachia mara moja.

Biasha alikuwa amesimama karibu, amelishika lake, mzee sasa, meno mawili. "Baba Zena," alisema, "leo maneno yako ni ya Mama Zena mwenyewe."

"Nimeyaazima," Asmani alisema.